Utafiti unaofanywa Kenya urudi Kenya

Kila mwaka, masomo yanapokaribia kufungwa, vijana wenye karatasi za maswali wanaingia katika soko la komuni ya Kenya, mjini Lubumbashi. Wengine wanatoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), wengine chuo cha biashara ISC, wengine chuo cha mafunzo ya jamii ISES. Wanapita meza kwa meza, kwa mama wa unga, mama wa mboga, mama wa samaki mkavu, mama wa makala. Maswali yanafanana. Mtaji ni kiasi gani? Faida ya siku ni ngapi? Watoto ni wangapi na nani anawalipia masomo? Bwana anafanya kazi wapi? Uko katika likelemba, au umekopa benki? Mama anajibu huku akipima unga na kumrudishia mteja franka zake. Kijana anashukuru na kuenda zake. Kwa upande wa mama, hadithi inaishia hapo.

Kwa upande wa kijana inaendelea. Majibu yanageuka majedwali na asilimia, yanaingia katika kitabu cha mwisho wa masomo ambacho wanafunzi wanakiita memwari, kinatetewa mbele ya walimu, kinapewa alama, kisha nakala inawekwa kwenye rafu ya bibliotheki. Kimeandikwa kwa Kifaransa tangu jalada hadi ukurasa wa mwisho. Mama wa unga hajui kilisema nini juu yake. Ofisi ya komuni haikupata nakala. Na mara nyingi hata mwanafunzi wa mwaka unaofuata hajakisoma, ndiyo maana anarudi na maswali yale yale, kwa meza zile zile.

Mtu anaweza kusema hilo ni jambo la walimu na wanafunzi wao, halina madhara kwa mtu. Lakini nchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984. Mwaka huo Kongo iliitwa Zaire, na Katanga iliitwa Shaba. Mtoto aliyezaliwa wakati wa hesabu ile leo amepita miaka 40. Kwa hiyo yeyote anayetaka kujua ni jamaa ngapi zinategemea bomba moja la maji, ni watoto wangapi hawaendi shule, au ni nyumba ngapi zinaishi kwa biashara ya mama peke yake, hana hesabu ya serikali ya kuishika mkononi. Ana makadirio, na ana tafiti. Katika hali hiyo, daftari la mwanafunzi aliyezunguka Kenya siku kumi si pambo la kupata diploma tu. Ni sehemu ya hesabu ambayo dola haikuifanya.

Na tafiti zipo, kwa wingi. Lubumbashi ni mmoja wa miji ya Afrika ya Kati iliyochunguzwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo cha UNILU kinachoitwa Observatoire du Changement Urbain kilituma wachunguzi katika mitaa ya mji ili kuuliza watu wanaishi vipi baada ya mshahara wa Gécamines kuanguka. Mwaka 2003 kilitoka Paris kitabu juu ya jamaa za Lubumbashi, kilichosimamiwa na Pierre Petit. Mwaka 2004 kikafuata kingine juu ya chakula, namna watu wa mji wanavyokitafuta, wanavyokipika na wanavyokila. Mwaka 2006 César Nkuku Khonde na Marcel Rémon walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofika kwenye nyumba 14.000. Kwa nchi isiyokuwa na hesabu ya watu, nyumba 14.000 ni hazina kubwa.

Kile cha chakula kina jina ambalo kila mtoto wa Kenya anaweza kulisoma: Byakula. Ni neno la nyumbani kabisa, la Kiswahili cha Lubumbashi. Lakini neno hilo linaishia kwenye jalada. Ukikifungua, kurasa zinazofuata ni Kifaransa, na cha kitaalamu. Mama aliyesimulia jinsi anavyogawa bukari ili itoshe watoto na wajomba alitoa neno la jalada na habari za ndani. Kitabu chenyewe hakikuandikwa ili akisome. Walioandika walifanya kazi nzuri, na wengi wao ni watoto wa mji huu. Tatizo ni njia ambayo kazi ile ilipewa kupita: kutoka mtaani kwenda chuoni, kutoka chuoni kwenda kwa mchapishaji wa Ulaya, bila barabara ya kurudi.

Njia hiyo ni ya zamani kuliko chuo chenyewe. Mwaka 1946, wakati mji ungali Elisabethville, kiliundwa kituo cha CEPSI cha kuchunguza kile wakoloni walichokiita matatizo ya jamii ya wenyeji. Ferdinand Grévisse, mtawala wa Kibelgiji, mwaka 1951 alitoa kitabu kizima juu ya mitaa ya Waafrika ya mji huu. Wakaaji walihesabiwa, matumizi yao ya chakula yaliandikwa, ndoa zao zilichunguzwa. Waliosoma matokeo walikuwa serikali ya koloni na kampuni kubwa, Union Minière, ambazo zilitaka kujua mfanyakazi anakula nini ili zijue zimlipe nini. Aliyeulizwa hakuwa msomaji, na hakuna aliyeshangaa.

Chuo kikuu kilifungua milango 1956. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilipounganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, mafunzo ya fasihi na ya elimu ya jamii yaliwekwa Lubumbashi. Hapo ndipo alipofundisha V. Y. Mudimbe, aliyefariki 2025 huko Marekani. Mudimbe alikuja kulipa jina tatizo hili: maktaba ya kikoloni, yaani ule mlima wa maandishi ambamo Mwafrika anaelezwa na wengine kwa ajili ya wengine. Inashangaza kidogo kwamba katika mji aliokuwa mwalimu, wanafunzi Wakongo, wanaofundishwa na maprofesa Wakongo, bado wanaandika juu ya mama zao wenyewe kwa namna ambayo mama hawezi kusoma wala kusahihisha.

Na haikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu Lubumbashi ina mfano wake wa upande wa pili. Mwaka 1965 watu waliokuwa boi na wapishi katika nyumba za Wazungu walitoa historia yao ya mji, kwa Kiswahili, kwa mashine ya kupiga chapa. Mwandishi alikuwa André Yav, na maandishi yanajulikana kama Vocabulaire ya Elisabethville. Ndani yake kuna wafalme, vita, makampuni, mishahara, na namna bwana alivyomtendea boi wake. Hawakungoja mtafiti. Miaka 25 baadaye, mwaka 1990, Johannes Fabian, aliyepata kufundisha katika chuo cha Lubumbashi, aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wataalamu wa dunia nzima wakaanza kuitaja. Leo ni rahisi zaidi kumkuta profesa wa Amsterdam au Chicago aliyeisoma kuliko kijana wa Kenya aliyewahi kuisikia, ingawa imeandikwa kwa lugha ya kijana huyo.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Kuanzia 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambamo alifanya kazi profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU pamoja na Bogumil Jewsiewicki wa Kanada, uliwaomba wakaaji walete vitu vya nyumbani na hadithi zake. Picha za zamani, vyombo, nguo, vyote viliwekwa katika Musée National ya mji, na watu wakaja kuviangalia. Kitabu kilichotoka 2001 kilipewa jina Ukumbusho. Hapo mkaaji alialikwa kuja kuona kile alichokitoa, na utafiti haukupoteza heshima yake kwa sababu hiyo.

Dibwe huyo huyo ndiye aliyeeleza, katika kitabu cha 2001 juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, jinsi kampuni ilivyokuwa baba. Ilitoa nyumba, posho ya unga, hospitali, shule. Ilipoanguka, baba wa nyumbani naye alipungukiwa nguvu, na mama pamoja na watoto wakawa ndio wanaoleta chakula. Miaka miwili baada ya kitabu hicho, mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia. Wengi wa wamama wanaoulizwa leo sokoni ni wake, binti au wajukuu wa watu wa hadithi hiyo. Kama wangeisikia ikielezwa vizuri, pengine wangeona kwamba shida za nyumba zao hazikutoka kwa uvivu wa mume mmoja wala kwa uchawi wa shangazi, bali zina historia inayojulikana, yenye tarehe. Katika mji ambamo watoto wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, habari hiyo ina kazi ya kufanya.

Kuna pia utafiti ambao kutorudi kwake kunagusa mwili. Mwaka 2020, watafiti wa UNILU, kati yao profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa chuo cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha katika jarida la The Lancet Planetary Health uchunguzi uliofanywa Lubumbashi juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili. Waliwalinganisha na watoto waliozaliwa bila kasoro. Walikuta kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo baba anafanya kazi inayohusu migodi. Uchunguzi ulionyesha uhusiano. Haukusema kwamba kila mchimbaji atapata mtoto mwenye kasoro, na jambo hilo nalo linahitaji kuelezwa kwa uangalifu. Lakini ulitoka kwa Kiingereza. Kati ya jarida lile na chumba cha mimba cha hospitali ya mtaa kuna safari ndefu, na hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuifanya.

Walimu wa vyuo wana majibu yao, na mengine ni ya haki. La kwanza ni pesa. Mwanafunzi analipa mwenyewe usafiri, karatasi na kupiga chapa. Mwalimu naye anapandishwa cheo kwa makala zilizotoka katika majarida, si kwa mkutano alioufanya sokoni. La pili ni lugha. Inasemekana Kiswahili hakina maneno ya utaalamu. Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Mambo ambayo vyuo vya biashara vinayachunguza, yaani mtaji, faida, hasara, deni, riba, mteja, akiba, ni maneno ambayo mama wa Kenya anayatumia tangu asubuhi hadi jioni, na anayajua kwa uchungu zaidi kuliko yule anayemwuliza. Manesi wanasema bwaki, na kila mama anaelewa mara moja ni ugonjwa gani wa mtoto, bila neno refu la kitabuni. Katiba ya 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa na kuitaka serikali iziendeleze. Kifaransa kibaki lugha ya kazi yenyewe. Kinachoombwa ni kurasa 2 za Kiswahili, tena Kiswahili cha Lubumbashi, si kile cha redio ya Dar es Salaam.

Jibu la tatu ndilo zito. Wengine wanaogopa kwamba habari za mapato ya wamama zikitua katika ofisi ya komuni, zitafika kwa mtoza kodi. Woga huo una msingi. Mfanyabiashara mdogo wa Lubumbashi anajua idadi ya watu wanaoweza kusimama mbele ya meza yake siku moja wakidai kitu, mmoja na tikiti, mwingine bila tikiti. Ndiyo maana, anapoulizwa faida yake, anaipunguza, na mwanafunzi anaandika namba hiyo, na namba inaingia katika jedwali, na jedwali linatetewa kana kwamba ni kweli tupu. Hapo hasara inampata hata mwenye utafiti. Mama ambaye hajawahi kuona kazi yoyote ikirudi hana sababu ya kusema ukweli kwa inayofuata. Anajibu ili kijana aondoke. Lakini akiona kwamba ile ya mwaka jana ilirudi bila jina la mtu, ikiwa na jumla tu, na kwamba ilisema jambo ambalo yeye mwenyewe analijua kuwa kweli, au akapata nafasi ya kusema hapa mmekosea, majibu yake yatakuwa mengine. Kurudisha matokeo ni njia ya kuyapima pia, na ni rahisi kuliko kuongeza karatasi mia za maswali.

Majina yabaki chuoni, hilo si la kujadiliwa. Jumla ndizo zirudi.

Zirudi wapi? Kuna mlango ambao zamani haukuwapo. Sheria ya Oktoba 2008 iliifanya komuni kuwa mamlaka inayojiongoza, yenye baraza lake na bajeti yake. Kwa miaka mingi hilo lilibaki kwenye karatasi. Desemba 2023, kwa mara ya kwanza tangu sheria hiyo itolewe, wakaaji wa komuni za miji mikuu ya majimbo, Lubumbashi ikiwemo, walipiga kura kuwachagua washauri wa komuni. Washauri hao wanatakiwa kusema pesa ziende wapi: mifereji, vyoo vya soko, taa, shule. Wanasema kwa kutegemea nini? Kwa yale wanayoyaona wakipita, na kwa kelele za anayejua kupiga kelele. Wakati huohuo, kilomita chache kutoka ofisi ya komuni, upande wa Kasapa, kuna rafu zilizojaa kazi juu ya soko lao, vijana wao, vyama vyao vya likelemba na wajane wao. Mshauri anayetaka kutetea vyoo vya soko mbele ya wenzake angefurahi kuwa na namba mkononi, hata namba ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mradi imeeleza ilipatikana vipi.

Washauri nao hawana udhuru kamili. Hakuna kinachomzuia mmoja wao kwenda ISC au ISES na kuuliza ni kazi ngapi zimeandikwa juu ya Kenya katika miaka 5 iliyopita. Komuni ingeweza kutoa kabati moja yenye kufuli, meza na viti, na mtu wa kuandika nani amechukua nini. Mwanafunzi wa sekondari wa Kenya anayetaka kusoma leo anapanda basi hadi mjini, kwenye médiathèque ya Institut français, kama ana nauli. Kabati hiyo isingekuwa maktaba kamili, lakini ingekuwa na kitu ambacho maktaba za mjini hazikipi uzito: habari za mtaa wake mwenyewe.

Na kwa wale wasiosoma, kuna asubuhi ya soko kabla wateja hawajajaa, kuna redio nyingi za mji huu zenye vipindi vya Kiswahili, kuna makanisa ambamo matangazo yanachukua muda mrefu kuliko mahubiri. Dakika 10 zinatosha kusema: mwaka jana tuliwauliza wamama kadhaa wa hapa, hiki ndicho tulichokikuta, hiki hatukukielewa, tuelezeni. Mwanafunzi anayeweza kusimama mbele ya walimu 3 kwa saa nzima hawezi kushindwa kusimama mbele ya wamama 30 kwa dakika 10, ingawa wamama watauliza maswali magumu zaidi.

Haya hayahitaji amri kutoka Kinshasa. Vyuo vya nchi vimeingia katika mfumo mpya wa LMD, na kanuni za kazi za mwisho zinaandikwa upya chuo kwa chuo, kitivo kwa kitivo. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha: kazi iliyofanywa kwa kuwauliza wakaaji wa komuni fulani isitetewe kabla ya mwandishi kuonyesha muhtasari wake wa Kiswahili, wenye muhuri wa komuni au wa uongozi wa soko kwamba umepokelewa na kusomwa. Rekta wa UNILU na wakurugenzi wakuu wa ISC na ISES wana kalamu za kuutia sahihi. Wanafunzi wa mwaka huu tayari wanachagua vichwa vya kazi zao, na soko la Kenya, kama kila mwaka, liko kwenye orodha.